Kijana Anayeogopa Kukosea: Mzigo wa Ukamilifu Kutoka Lodwar Hadi Kakuma

Je, una kijana nyumbani ambaye hurarua ukurasa mzima wa daftari kwa sababu ya neno moja lililofutwa vibaya? Au wewe mwenyewe, uliye kidato cha pili au cha tatu, umewahi kukaa na insha siku nne bila kuipeleka kwa mwalimu kwa kuwa mwanzo wake haujakupendeza?

Wengi husifu tabia hii na kuiita bidii. Si bidii. Mwenye bidii hufanya kazi, akaimaliza, akalala. Anayetafuta ukamilifu hufanya kazi kwa hofu, na hata akipata alama tisini, macho yake huenda moja kwa moja kwenye zile kumi zilizopotea.

Wanasaikolojia wawili wa Kanada, Paul Hewitt na Gordon Flett, walieleza mwaka 1991 kwamba ukamilifu huu ni wa namna tatu: ule ambao mtu hujidai mwenyewe, ule anaowadai wenzake, na ule anaoamini kwamba watu wanamdai yeye. Huu wa tatu ndio mchungu zaidi. Baadaye Thomas Curran na Andrew Hill walichunguza majibu ya wanafunzi zaidi ya 41,000 wa vyuo vya Marekani, Kanada na Uingereza, yaliyokusanywa kati ya mwaka 1989 na 2016. Waliona namna zote tatu zimeongezeka, na ile ya tatu ikazipita nyingine.

Utauliza, mambo ya vyuo vya ng'ambo yanahusu nini Turkana? Yanahusu sana. Mzee wa Turkana akitaka karo, huuza mbuzi. Ukame wa mwaka 2020 hadi 2023 ulipofyeka mifugo, familia nyingi zilibaki na mtoto mmoja aliye shuleni Lodwar kama ndiye zizi lililosalia. Hakuna aliyemtamkia hivyo. Lakini kijana ana macho. Anajua ni mbuzi wangapi waliouzwa, na anajua ndugu zake wadogo wanamngoja. Akipata D katika hesabu, haoni karatasi ya hesabu. Anaona mbuzi wamekufa mara ya pili.

Nenda kilomita 120 hivi hadi Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992, na utakuta mzigo huohuo kwa sura nyingine. Mpango wa WUSC wa Kanada, ulioanza mwaka 1978, umewapeleka vyuo vikuu vya huko vijana wengi waliosomea kambini. Lakini wanaozitaka nafasi hizo ni wengi kuliko nafasi zenyewe, na gredi ya KCSE ndiyo mojawapo ya vipimo. Kijana wa Sudan Kusini au wa Kongo hujiambia kwamba kosa moja tu litamfungia dunia.

Kwa hiyo anayemwambia kijana huyu "usijali alama" anamdanganya, na kijana analijua hilo. C+ ndiyo mlango wa shahada katika vyuo vikuu vya Kenya. Kinachotakiwa si kudharau mtihani, bali kuutenganisha mtihani na utu wa anayeufanya.

Ajabu ya hofu hii ni kwamba hupunguza alama zilezile inazodai kuzilinda. Anayeogopa kukosea hainui mkono darasani, na kosa ambalo mwalimu hakuliona halisahihishwi. Katika chumba cha mtihani hung'ang'ania swali la kwanza hadi liwe safi kabisa, kengele ikalia akiwa hajagusa matatu ya mwisho. Huko Kakuma wapo wanaoingia darasani wakitoka katika masomo ya Kifaransa au Kiarabu, wakatakiwa kujibu kwa Kiingereza mbele ya wenzao wadogo kwa umri. Wa namna hii akiamua kungoja hadi Kiingereza chake kinyooke ndipo azungumze, hakitanyooka, maana lugha hujifunzwa kwa kuikosea mbele za watu.

Mwili nao hulalamika: kichwa kuuma, tumbo kuvurugika asubuhi ya mtihani, usingizi kupotea. Utafiti pia umeuhusisha ukamilifu na wasiwasi uliopita kiasi, sonona, na kwa wengine matatizo ya kula.

Basi kijana afanye nini? Anza na mfano wa karibu. Mwaka 2016, katika Michezo ya Olimpiki mjini Rio de Janeiro, timu ya wakimbizi ilishiriki kwa mara ya kwanza, na wakimbiaji wake watano walikuwa wametoka Kakuma. Rose Nathike Lokonyen, aliyebeba bendera ya timu, alimaliza wa saba katika mchujo wa mita 800. Yiech Pur Biel alikimbia mita hizohizo kwa 1:54.67 akawa wa mwisho katika mchujo wake, ilhali David Rudisha wa Kenya alinyakua dhahabu kwa 1:42.15. Ni sekunde kumi na mbili na zaidi, mbele ya dunia nzima! Angekuwa mtu wa kungoja awe kama Rudisha kwanza, asingepanda ndege. Mwaka 2022 Pur Biel alichaguliwa kuwa mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki.

Pili, jiwekee saa, si ubora. Sema, "insha hii nitaipeleka saa kumi jioni, iwe ilivyo," kisha uipeleke. Mara ya kwanza utatoka jasho. Mara ya tano utaona kwamba mbingu haikuanguka. Inua mkono darasani mara moja kwa siku hata kama jibu hulijui vizuri.

Tatu, sikiliza maneno unayojiambia ukikosea. Je, ungemwambia mdogo wako maneno hayo? Mwanasaikolojia Kristin Neff wa Marekani, katika maandishi yake ya mwaka 2003, alikuita huku kujihurumia. Wazazi husikia neno hili wakadhani ni kumfuga mvivu. La. Mwaka 2012 Juliana Breines na Serena Chen wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kwamba wanafunzi walioshindwa jaribio kisha wakaelekezwa kujihurumia walisoma kwa muda mrefu zaidi kabla ya jaribio la pili kuliko wenzao.

Nawe mzazi, chunga ulimi. Tunapenda kusema kutenda kosa si kosa, lakini mtoto akileta ripoti tunarukia nusu ya pili ya methali hiyo, ile ya kurudia kosa. Usimpime kwa mtoto wa jirani. Muulize amejifunza nini kabla ya kumuuliza amekuwa wa ngapi. Na kama mbuzi waliuzwa, mweleze wazi kwamba uliuamua wewe, mtu mzima, na kwamba yeye hadaiwi mbuzi.

Hata hivyo, yako mambo yasiyongoja ushauri wa gazeti. Kijana akiacha kula, akikesha usiku mwingi, akijitenga na rafiki zake au akisema heri asingezaliwa, usimwache peke yake. Muulize waziwazi kama amefikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, bali humpa nafasi ya kusema. Kisha mpeleke kwa mwalimu wa ushauri nasaha, au hospitalini, kama ile ya rufaa ya kaunti mjini Lodwar. Simu ya watoto, nambari 116, hupigwa bila malipo popote Kenya, na kijana anaweza kuipiga mwenyewe.