Krismasi ya keki ya asali: vidokezo 7 kwa mwenye jiko la mkaa

Desemba ikishaingia, waoka keki wa Geita, Kahama na Shinyanga mjini huzidiwa na oda, na familia nyingi huona kwamba bila keki ya krimu ya dukani sikukuu haijakamilika. Mimi naamini keki nzuri kuliko hiyo iko ndani ya uwezo wetu, na Wafaransa, wenye keki kwa kila sikukuu, wanaweza kutuonyesha njia. Tena si wageni kabisa kwetu: misheni ya Bukumbi, karibu na Mwanza, ilifunguliwa mwaka 1883 na Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa na Mfaransa, Kardinali Lavigerie.

1. Achana na gogo. Keki ya Krismasi inayojulikana zaidi Ufaransa ni *bûche de Noël*, keki iliyoviringishwa na kupakwa krimu ifanane na gogo la kuni. Inapendeza, lakini kwa joto la kwetu na bila friji, krimu itayeyuka kabla watu hawajatoka kanisani. Chagua *pain d'épices*, keki ya asali na viungo. Asali ya miombo ya Bukombe na Tabora inaiweza sana kazi hiyo.

2. Vipimo ni vyepesi. Unga wa ngano vikombe viwili, asali robo tatu ya kikombe, maziwa nusu kikombe, mayai mawili (ya kienyeji weka matatu, maana ni madogo), beking poda vijiko viwili vya chai. Viungo ni mdalasini, tangawizi, iliki na karafuu kidogo. Pasha maziwa na asali pamoja hadi asali ilegee, acha vipoe, ndipo uchanganye na vingine. Sukari haihitajiki. Ila mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe keki hii, kwa sababu asali, hata iliyookwa, si salama kwake.

3. Moto ndio kila kitu. Tandaza mchanga mkavu, unene wa vidole viwili, ndani ya sufuria kubwa. Funika, uache upate moto kwa dakika kumi na tano. Sufuria ndogo ipake mafuta ya alizeti, tandika karatasi chini, mimina mchanganyiko, kisha iketishe juu ya mchanga. Funika ile kubwa na uweke makaa machache juu ya mfuniko. Nasema machache kwa sababu asali huungua upesi: ukijaza makaa, juu kutakuwa kweusi na katikati bado uji. Baada ya dakika arobaini na tano choma katikati kwa kijiti safi. Kikitoka kikavu, epua. Na kwa kuwa Desemba ni mvua, mtu hushawishika kuingiza jiko chumbani. Usithubutu! Hewa ya mkaa inaua, na haina harufu ya kukuonya.

4. Oka siku mbili tatu kabla. Keki ya asali ikifungwa vizuri huzidi kuwa laini na viungo hukolea. Ndiyo maana naipendekeza hasa kwa familia za migodini. Aliye zamu Geita au Bulyanhulu siku ya Krismasi ataikuta bado nzuri akirudi nyumbani.

5. Pamba meza kwa vya kwetu. Katika jimbo la Provence, baada ya mlo wa mkesha wa Krismasi, huandaliwa vitamu 13, kwa kumkumbuka Yesu na mitume wake kumi na wawili. Vingi ni vya kawaida tu: tini kavu, zabibu, lozi. Sisi tunayo matobolwa na karanga, maembe ambayo Desemba yamejaa sokoni, ubuyu, na juisi ya ukwaju.

6. Ficha harage. Sikukuu ya Tokeo la Bwana, mwanzoni mwa Januari, Wafaransa hukata *galette des rois*, keki ya Mamajusi, yenye kitu kidogo kilichofichwa ndani. Zamani lilikuwa harage. Mtoto mdogo kuliko wote huingia chini ya meza na kutaja kila kipande ni cha nani, na atakayelipata huvishwa taji la karatasi. Keki yako ya asali inafaa kabisa. Tumia harage lililopikwa likalainika, na waambie wote watafune taratibu.

7. Kata kipande kimoja cha ziada. Desturi ya zamani ya Wafaransa hao ni kutenga kipande cha maskini au mgeni asiyetarajiwa. Usukumani mgeni kukuta watu mezani ni jambo la kawaida, kwa hiyo kitenge mapema, kabla watoto hawajaomba cha pili. Ikifika jioni hajatokea mtu, kipeleke kwa jirani ambaye mwaka huu hakuoka.