Kava la Manila kwa Albamu ya Kikundi



Katika somo la robo hii tunaangalia jambo linaloonekana dogo: kava la albamu. Chamwino haina upungufu wa muziki. Hapa ndipo limekuwa likifanyika Tamasha la Muziki wa Wagogo, na vijijini kuna kwaya, wapiga zeze na akina mama wa ngoma ya muheme. Kinachopungua ni majina. Wimbo ukishasambaa kwenye simu, nani anajua umeimbwa na nani, na wa kijiji gani?

Mzee Hukwe Zawose, Mgogo aliyefariki mwaka 2003, alitoa albamu yake Chibite mwaka 1996 kupitia Real World ya Uingereza. Msikilizaji wa mbali alisoma jina lake kwenye kava. Vikundi vyetu navyo vinastahili hivyo, hata kama nakala ni hamsini tu za kuuza baada ya ibada.

Makasha ya plastiki hupasuka safarini. Manila inatosha. CD ina upana wa sentimita 12, kwa hiyo kata kipande cha urefu wa sentimita 25 na upana wa 12.5. Kwenye nusu moja tu, acha masikio ya sentimita 1.5 kila upande. Karatasi ya A4 inatosha kava moja. Kabla ya kukunja, pitisha kwenye mstari kalamu iliyoisha wino ukitumia rula, mkunjo usipasuke. Kunja masikio ndani, yapake gundi, kisha lalisha nusu ya pili juu yake. Mdomo unabaki upande wa juu. Tumia gundi ya dukani. Uji wa unga ni rahisi, lakini panya na mende wanaupenda kuliko sisi. Ndani weka karatasi laini iliyokunjwa kuizunguka CD, maana vumbi letu likisuguana na manila huikwaruza.

Mbele, mchoro wa zeze au ngoma kwa wino mweusi ni bora kuliko picha. Picha ya kikundi ikitolewa fotokopi, nyuso zetu hugeuka madoa meusi.

Nyuma ndiko kwenye kazi. Andikeni jina la kikundi, kijiji, mwaka, waimbaji wote na nani kapiga nini. Hapa kamati ziwe makini: wimbo wa asili wa Wagogo usiandikwe kuwa utunzi wa mwalimu wa kwaya, hata kama ndiye aliyeupanga sauti. Andikeni “wimbo wa asili, umepangwa na fulani”. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtambua mtunzi na mwimbaji, na inagusa pia sanaa za asili. Someni orodha hiyo kwa sauti mbele ya kikundi kizima kabla ya kuchapa. Wazee watasahihisha tahajia ya majina ya Kigogo.

Wanaouza kwa flashi badala ya CD watumie kava hilohilo, likiwa dogo zaidi. Nakala mbili zibaki ofisi ya parokia, kavuni, mbali na dirisha lenye jua.