Usiwafungie watoto ndani, mdogo wangu

Mdogo wangu, wewe uliyeko Guangzhou na mumeo na watoto, sogea tuzungumze. Najua Mwaka Mpya wa Kichina ukikaribia roho inakusinyaa. Viwanda vimefungwa, mzigo hautoki, wafanyakazi wamepanda treni kwenda kwao, nanyi mmebaki ghorofani mnatazamana. Jirani anabisha hodi, anawaalika mlo wa mkesha. Unashukuru, ukishafunga mlango unaanza kutafuta udhuru. Si wewe peke yako, wengi hufanya hivyo. Lakini hili nalikataa.

Kwenye mlo ule haalikwi kila mtu, mpenzi. Ni wa ukoo, watoto wao husafiri masafa marefu ili wauwahi. Mama yule akikuita mezani pake, amekuhesabu. Ukimzushia mafua, na mwakani asipokuita, utamlaumu nani?

Unachoogopa ni nguruwe. Basi sema mapema, usingoje sahani ifike mbele yako. Mwambie hamli nguruwe wala hamnywi pombe, samaki na mboga mnakula. Samaki mzima hakosi kwenye meza ile. Wakiwasha vijiti vya udi mbele ya wazee wao waliotangulia, kaa kando kwa adabu. Heshima haikutoi kwenye dini yako. Mwaka 2026 sikukuu iliangukia Februari 17, Ramadhani ikafuata papo hapo, watu wakapata kisingizio. Kisingizio gani, na mkesha ulikuwa tarehe 16, saumu bado?

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo mnapojiaibisha. Kanzu nyeupe ya mumeo ibaki kabatini. Nyeupe kwao ni ya msiba. Saa ya ukutani usimpe mtu zawadi kabisa, nayo wanaihusisha na kifo. Peleka machungwa, mawili mawili. Na kwa kuwa umeolewa, usiende bila bahasha nyekundu za watoto wao. Guangzhou hawataki makubwa, yuan 10 zinatosha, ila noti iwe mpya, na namba 4 iepuke.

Wanao wafundishe nyumbani kabla hamjatoka. Bahasha inapokelewa kwa mikono miwili, inashukuriwa, inatiwa mfukoni. Haifunguliwi mbele ya aliyeitoa! Mtoto akiichana palepale na kuhesabu, uso utakaowaka ni wako, mama.

Narudia, usiwafungie ndani. Shule ikifunguliwa wenzao watasimulia soko la maua la mkesha na miti ya machungwa madogo milangoni, wako wataangalia chini. Huzuni ya mtoto asiye na la kusimulia haisemwi, utaiona kwenye chakula anachobakiza.

Basi leo hii nenda kamjibu jirani kwamba mnakuja. Na Idi ikifika, mpelekee sahani ya pilau ingali moto.