Mada ya 14: Kuhamisha Zana ya Ujenzi wa Programu kutoka Windows kwenda Linux

Ukimaliza mada hii, uweze:
(a) kueleza maana ya zana ya ujenzi wa programu na kazi zake;
(b) kutofautisha kuhamisha programu na kuiandika upya;
(c) kutaja na kueleza mambo ya Windows yanayoikwamisha programu kwenye Linux;
(d) kusahihisha faili ya mradi ili ifanye kazi kwenye mifumo yote miwili.

14.1 Utangulizi

Wanafunzi wengi wakiulizwa, "Utahamishaje programu ya Windows ili ifanye kazi kwenye Linux?" hujibu hivi: "Nitainakili kwenye flashi, niibandike kwenye kompyuta ya pili, kisha niifungue." Jibu hili halina alama. Faili itanakilika bila shida, lakini programu itagoma, au itafunguka na kukwama njiani.

Fikiria mtu anayehama nyumba. Kitanda atakibeba, godoro atalibeba, na chandarua atakikunja akibebe. Lakini msumari alioning'inizia chandarua umebaki kwenye ukuta wa nyumba ya zamani. Usiku wa kwanza ndipo anapogundua kwamba chandarua bila msumari hakimsaidii. Programu nayo ina misumari yake kwenye mfumo endeshi ilimozaliwa. Kuhamisha programu ni kuitafuta misumari hiyo, mmoja baada ya mwingine, na kuipatia nafasi kwenye ukuta mpya. Shika maana hii, kwa kuwa majibu yote ya mada hii yanatoka humo.

14.2 Zana ya ujenzi ni nini?

Mwandishi wa programu huandika msimbo chanzo katika faili nyingi. Kompyuta haiwezi kuziendesha faili hizo moja kwa moja. Ni lazima kompaila izigeuze, maktaba zinazohitajika ziunganishwe, na matokeo yawekwe kwenye folda yake. Mradi ukiwa na faili mia tatu, kazi hii haifai kufanywa kwa mkono.

Zana ya ujenzi ni programu inayosimamia kazi hiyo. Kazi zake kuu ni nne:
(i) kusoma faili ya mradi inayoeleza nini kijengwe;
(ii) kupanga hatua kwa utaratibu, kipi kitangulie na kipi kifuate;
(iii) kuita kompaila na zana nyingine;
(iv) kuruka sehemu ambazo hazijabadilika tangu ujenzi uliopita, ili kuokoa muda.

Kwenye Unix, zana maarufu ya aina hii ni Make, iliyoandikwa na Stuart Feldman mwaka 1976 katika maabara za Bell nchini Marekani. Kwenye Windows, zana inayotumika sana ni MSBuild ya kampuni ya Microsoft. Hiyo ndiyo tutakayoitumia kama mfano.

14.3 Kisa cha MSBuild

MSBuild ilitolewa pamoja na Visual Studio 2005. Faili yake ya mradi huandikwa kwa XML, na zana yenyewe imeandikwa kwa lugha ya C#. Kwa miaka mingi ilitumika kwenye Windows pekee, na msimbo chanzo wake haukuwa wazi.

Wakati huohuo, mradi wa Mono ulikuwa unawawezesha watu kuendesha programu za C# kwenye Linux. Watumiaji wake walihitaji kujenga miradi iliyotoka Windows. Kwa kuwa hawakuwa na msimbo wa MSBuild, waandishi wa Mono waliandika zana yao inayoiga MSBuild, wakaiita xbuild.

Xbuild ilisaidia, lakini ilikuwa na udhaifu wa kila kitu kinachoiga. Microsoft ilipoongeza jambo jipya kwenye MSBuild, xbuild ilibaki nyuma mpaka mtu alipoliandika na huko. Mradi uliojengeka vizuri kwenye Windows ungeweza kukataa kwenye Linux, ingawa msimbo wake haukuwa na kosa lolote.

Mwezi Machi 2015 Microsoft iliuweka wazi msimbo chanzo wa MSBuild chini ya leseni ya MIT, inayoruhusu mtu yeyote kuusoma, kuubadili na kuutumia. Tangu hapo haikuwa lazima kuiga. Zana yenyewe ingeweza kuhamishwa. Mwaka 2017 Mono 5.0 ilitoka ikiwa na MSBuild halisi, na xbuild ikatangazwa kuwa imepitwa na wakati.

Kisa hiki kinaonyesha njia mbili:

Kuandika upya: unaunda programu mpya inayofanya kazi kama ile ya kwanza. Faida yake ni kwamba huhitaji msimbo chanzo. Hasara yake ni kuwa na programu mbili za kutunza, na tabia zake hutofautiana kadiri siku zinavyokwenda.

Kuhamisha: unachukua msimbo chanzo uleule na kurekebisha sehemu zinazotegemea mfumo endeshi. Faida yake ni kwamba programu hubaki moja. Hasara yake ni kwamba huwezi kuanza bila msimbo chanzo na ruhusa ya kuubadili.

14.4 Misumari saba ya Windows

Hapa mwanafunzi makini huuliza: "Ikiwa MSBuild imeandikwa kwa C#, na Mono inaendesha C# kwenye Linux, kwa nini isifanye kazi moja kwa moja?" Ni kwa sababu lugha inaweza kuwa ya mifumo yote, lakini mwandishi akawa ameishi kwenye mfumo mmoja tu. Mazoea yake huingia ndani ya msimbo bila yeye kujua. Yafuatayo ndiyo mazoea yenyewe.

1. Alama ya njia ya faili. Windows hutenganisha folda kwa mkwaju wa kinyume (\), Linux kwa mkwaju wa kawaida (/). Faili nyingi za miradi zilikwisha kuandikwa kwa \, na haiwezekani kuwaambia waandishi wote wazibadilishe. Ndiyo maana MSBuild kwenye Linux hugeuza \ kuwa / pale maandishi yanapoonekana kuwa ni njia ya faili. Haigeuzi kila mahali, kwa sababu \ inaweza pia kuwa sehemu ya maandishi yasiyohusu faili.

2. Herufi kubwa na ndogo. Kwa kawaida Windows huona Hesabu.cs na hesabu.cs kuwa faili moja. Linux huziona kuwa faili mbili. Kosa hili hujificha kwa miaka kwenye Windows, na hujitokeza siku ya kwanza kwenye Linux kwa ujumbe kwamba faili haikuonekana.

3. Herufi za diski. Windows ina C: na D:. Linux haina. Kila kitu huanzia kwenye mzizi mmoja unaoandikwa /. Suluhisho ni kuandika njia inayoanzia kwenye folda ya mradi wenyewe, si kwenye diski.

4. Rejista. Windows ina hifadhi ya mipangilio iitwayo rejista, na MSBuild iliitumia kujua zana zake ziko wapi. Linux haina rejista. Ilibidi zana itafute mahitaji yake kwa kuanzia kwenye folda ilimo yenyewe, pamoja na faili za usanidi.

5. Amri za mfumo. Kunakili faili kwenye Windows ni copy, kwenye Linux ni cp. Kufuta ni del kwa Windows, rm kwa Linux. Zaidi ya hapo, Windows hutumia cmd kuendesha amri, Linux hutumia sh.

6. Mwisho wa mstari. Windows humaliza mstari kwa herufi mbili zisizoonekana, namba 13 na 10. Linux hutumia namba 10 peke yake. Zana ikiandika faili ya amri kwa mtindo wa Windows, sh itaisoma ile namba 13 kama sehemu ya amri, na amri itakataliwa.

7. Maktaba za Windows. Sehemu za msimbo ziliita moja kwa moja maktaba za ndani za Windows, kama kernel32.dll. Maktaba hizo hazimo kwenye Linux, hivyo kila wito ulihitaji njia mbadala.

KUMBUKA: Kwenye Windows, faili huweza kuendeshwa kwa sababu ya jina lake kuishia na .exe. Kwenye Linux, faili huendeshwa kwa sababu imepewa ruhusa ya kuendeshwa. Jina peke yake halitoshi.

14.5 Hatua za kuhamisha

Hatua ya kwanza: Pata msimbo chanzo na uhakikishe leseni inaruhusu kuubadili.

Hatua ya pili: Tafuta kila mahali panapogusa mfumo endeshi: faili, rejista, amri na maktaba.

Hatua ya tatu: Kusanya sehemu hizo mahali pamoja. Msimbo wa kupanga hatua za ujenzi hauhusiani na mfumo, basi usiuguse. Ukitawanya marekebisho kila kona, hutajua umerekebisha nini.

Hatua ya nne: Andika njia mbadala ya kila sehemu kwa ajili ya Linux.

Hatua ya tano: Jaribu kwenye Linux, kisha rudi ujaribu tena kwenye Windows. Hatua hii wengi huisahau. Uhamishaji unaoharibu mfumo wa kwanza haujafanikiwa.

Kuna fumbo moja hapa. MSBuild hujengwa kwa kutumia MSBuild. Sasa kwenye Linux, ambako haijawahi kuwapo, nakala ya kwanza itajengwa na nini? Ni swali la kuku na yai. Jibu lake: nakala ya kwanza hujengwa kwenye mfumo wa zamani au kwa zana nyingine, kisha nakala hiyo hutumika kujenga zinazofuata.

14.6 Mfano uliofanyiwa kazi

Swali: Mistari ifuatayo imetoka katika faili ya mradi ya MSBuild. Kwenye diski, faili ya msimbo inaitwa Hesabu.cs. Taja makosa yatakayokwamisha ujenzi kwenye Linux, kisha uyasahihishe. (Alama 10)

<Compile Include="Chanzo\hesabu.cs" />
<OutputPath>C:\Kazi\</OutputPath>
<Exec Command="copy C:\Kazi\hesabu.exe D:\Toleo" />

Jibu:

Mstari wa kwanza: jina limeandikwa kwa h ndogo, wakati faili ina H kubwa. Linux haitaiona. Mkwaju wa kinyume utageuzwa na MSBuild, lakini ni salama zaidi kuandika / kwa kuwa MSBuild huikubali hata kwenye Windows.

Mstari wa pili: umetaja diski C:. Kwa Linux, "C:" ni jina la kawaida tu, si diski.

Mstari wa tatu: amri copy haipo kwenye sh, na diski C: na D: hazipo.

Masahihisho:

<Compile Include="Chanzo/Hesabu.cs" />
<OutputPath>Kazi/</OutputPath>
<Copy SourceFiles="Kazi/hesabu.exe" DestinationFolder="Toleo" />

Angalia mstari wa mwisho. Hatukubadilisha copy kuwa cp, kwani tungeponya Linux na kuiumiza Windows. Tumetumia kazi ya Copy iliyomo ndani ya MSBuild yenyewe, ambayo hufanya kazi kote. Ukilazimika kutumia amri ya mfumo mmoja, weka sharti:

<Exec Condition="'$(OS)' == 'Windows_NT'" Command="del orodha.txt" />

Mstari huu utatekelezwa kwenye Windows peke yake. Kwenye Linux, thamani ya $(OS) katika MSBuild ni Unix, kwa hiyo mstari utarukwa.

14.7 Makosa ya kuepuka

(i) Kuorodhesha tofauti za Windows na Linux bila kueleza zinaidhuru vipi programu. "Linux ni ya bure" ni kweli, lakini si jibu la swali hili.
(ii) Kusema programu "imebadilishwa lugha". Lugha ya MSBuild ilibaki C#.
(iii) Kuchanganya kuhamisha na kuandika upya. Xbuild iliandikwa upya, MSBuild ilihamishwa.
(iv) Kutoa suluhisho linaloharibu mfumo wa kwanza.

14.8 Zoezi la marudio

1. Eleza kazi mbili za zana ya ujenzi wa programu. (Alama 4)
2. Kwa nini xbuild ilibaki nyuma ya MSBuild mara kwa mara? (Alama 3)
3. Juma amejenga mradi wake kwenye Windows bila kosa. Kwenye Linux anaambiwa faili "picha/Nembo.png" haikuonekana, ingawa anaiona nembo.png ndani ya folda ya picha. Eleza chanzo na suluhisho. (Alama 4)
4. "Programu iliyoandikwa kwa lugha inayofanya kazi kwenye mifumo yote haihitaji kuhamishwa." Jadili. (Alama 9)

Mwongozo wa majibu

1. Chagua mbili kutoka sehemu ya 14.2 na uzieleze. Kutaja tu ni nusu ya alama.
2. Ilikuwa programu tofauti inayoiga. Kila jambo jipya la MSBuild lilipaswa kuandikwa tena ndani yake.
3. Linux hutofautisha N na n. Aandike jina kwenye mradi kama lilivyo kwenye diski: picha/nembo.png.
4. Kauli si sahihi. Anza na mfano wa MSBuild na C#. Kisha toa angalau mambo matatu kutoka 14.4, na kwa kila moja useme programu inakwama wapi na inarekebishwaje. Hitimisha kwa kusema kwamba lugha hurahisisha uhamishaji, ila haiondoi utegemezi uliomo ndani ya msimbo.

Kabla hujafungua mada inayofuata, funga kitabu na uandike misumari saba kwa kumbukumbu. Ukikosa miwili au zaidi, rudia 14.4 kesho asubuhi kichwa kikiwa kimetulia.