Sukari: neno lilitoka wapi?

Swali: Sisi wa Misikhu tunalima miwa. Je, neno "sukari" ni la Kiarabu?

Jibu: Kiswahili kililipata kwa Waarabu, wanaosema *sukkar*, lakini asili yake ni Bara Hindi. Katika Kisanskriti, *sharkara* ilimaanisha pia changarawe. Chota sukari kidogo, isugue kwa vidole, utaelewa mara moja kwa nini. Waajemi wakasema *shakar*. Waarabu wakalipokea, wakalifikisha Ulaya pamoja na kilimo cha miwa: *azúcar* kwa Wahispania, *zucchero* kwa Waitalia, *sugar* kwa Waingereza. Sukari guru je, ile ya mabonge ya kahawia inayopikwa kwetu magharibi mwa Kenya? "Guru" nalo ni la Kihindi: *gur*, sukari isiyosafishwa.