Dawa ya shamba: soma lebo kwanza

Ndugu mkulima, chini ya lebo ya kiuatilifu kuna mstari wa rangi. Nyekundu ndiyo sumu kali kuliko zote, ikifuatiwa na njano, bluu, kisha kijani. Hata kijani bado ni sumu.

Shida ni pesa. Ukipimiwa kidogo kwenye chupa ya soda, lebo inabaki dukani, hata aliyesoma hana cha kusoma. Na mtoto akiiona, kwake ni soda tu!

Basi changeni pesa majirani, mnunue chupa yenye lebo, mpokezane hiyohiyo bila kuhamisha dawa. Anayepiga ni kibarua? Msomee kwa sauti: kipimo, nguo za kinga, siku za kusubiri kabla ya kuvuna.

Akimwagikiwa, avue nguo, aoge kwa sabuni na maji mengi, aende zahanati na lebo mkononi.