Kozi za lazima chuo kikuu: Ni mzigo au ni nguzo?

Na Mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu, Litapunga, Mpanda



Kila mwaka vyuo vinapofunguliwa, simu yangu huwa haipumziki. Wanaopiga ni vijana niliowafundisha sekondari ambao Mwenyezi Mungu amewajaalia kufika chuo kikuu. Safari hii alinipigia mmoja aliyechaguliwa kusomea uhandisi wa umeme. Baada ya salamu akasema: "Ustaadh, mimi nimekuja kusoma umeme. Mbona nimepangiwa kozi ya Maendeleo na nyingine ya Stadi za Mawasiliano? Haya si mambo ya watu wa arts?"

Siku chache baadaye nikakutana na baba yake sokoni. Naye alikuwa na lake moyoni. "Mwalimu," akaniambia, "nimeuza mahindi na ng'ombe ili mtoto akawe injinia. Sasa nasikia huko anafundishwa siasa!"

Swali la mtoto na la baba ni moja. Nimeona nilijibu hapa kwa sababu najua wapo wazazi na wanafunzi wengi wenye swali hilo hilo. Na kwa hakika siwezi kumcheka kijana yule. Swali lake niliwahi kuwa nalo mimi mwenyewe, na jibu lake nililipata kwa gharama.

Nilipokuwa mwaka wa kwanza katika chuo kimoja hapa nchini, niliidharau kozi ya Maendeleo. Niliona nimekwenda kusomea ualimu wa dini, hayo mengine yananihusu nini? Ukumbi ulikuwa umejaa mamia ya wanafunzi, mhadhiri akisikika kwa shida, nami nikaona bora nilale bwenini. Ulipofika mtihani nikategemea fotokopi za mitihani ya zamani. Matokeo yalipotoka nilikuwa na sapu. Wenzangu wakiwa makwao likizo, mimi nilitakiwa kufunga safari kutoka Mpanda kwenda kufanya mtihani mmoja tu, bila bumu, kwa nauli ambayo mama yangu aliikopa kwa jirani. Tangu siku hiyo sijaiita kozi yoyote kuwa ni "kozi ndogo".

Kozi hizi ni zipi?

Kozi za lazima kwa wote ni zile ambazo mwanafunzi wa shahada ya kwanza huzisoma bila kujali anasomea fani gani. Katika vyuo vyetu vingi zinazojulikana zaidi ni Taaluma za Maendeleo, ambayo wanafunzi huiita DS, na Stadi za Mawasiliano, inayomfundisha mwanafunzi kuandika, kusoma kwa kina na kutoa hoja. Vipo vyuo vinavyoongeza kompyuta, ujasiriamali au falsafa. Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa mfano, kimewahi kuwa na kozi za pamoja za mawasiliano, misingi ya falsafa na elimu ya UKIMWI.

Jambo hili si la Afrika Mashariki peke yake. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Columbia kilianza mwaka 1919, mara baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kuwafundisha wanafunzi wake kozi ya pamoja kuhusu ustaarabu na matatizo ya zama zao. Vyuo vingi vya huko hutumia sehemu kubwa ya miaka miwili ya mwanzo, kati ya minne, kwa masomo ya jumla kabla mwanafunzi hajazama katika fani yake.

Sisi tulirithi utaratibu wa Kiingereza, ambao humfanya kijana achague njia mapema. Akimaliza kidato cha nne anaingia kwenye kombi. Aliyechukua PCM alikuwa akiagana na historia, na aliyechukua HKL akiagana na sayansi. Kwa miaka mingi somo la General Studies ndilo lililoachiwa kazi ya kuziba pengo hilo kidato cha tano na cha sita. Lakini kwa kuwa alama zake hazikuhesabiwa katika kupanga daraja, wengi walilisoma wiki moja kabla ya mtihani. Hivyo basi, kijana anafika chuo kikuu akiwa na fani mkononi lakini hajui nchi yake ilifikaje hapa ilipo.

Zilitoka wapi kwetu?

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Masharti hayo yaliwataka watumike kwa miaka miwili na katika sehemu kubwa ya muda huo wapokee asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere alikasirika. Wanafunzi karibu 400 walirudishwa makwao, na yeye mwenyewe akatangaza kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20.

Tukio lile liliibua swali zito: Je, chuo kinachosomeshwa kwa jasho la mkulima kinatoa wasomi wanaomjua mkulima huyo? Mwezi Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, na mwezi Machi ukaja waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Mwezi huo huo ukafanyika mkutano wa kujadili nafasi ya Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam katika Tanzania ya kijamaa. Ni katika mjadala huo ndipo hoja ya masomo ya pamoja kwa wanafunzi wa fani zote ilipopata nguvu. Mwaka 1973 ikaanzishwa Taasisi ya Taaluma za Maendeleo katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hizo ndizo zama ambazo Walter Rodney, mwana wa Guyana, alifundisha historia pale Mlimani na kuchapisha mwaka 1972 kitabu chake kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika.

Kwa hiyo baba yule hakukosea sana. Ni kweli kozi hii ilizaliwa katika siasa. Lakini leo mwanafunzi anakutana humo na mada za umaskini, ongezeko la watu, mazingira, jinsia, utandawazi na uchumi wa kilimo. Anayesema hayo hayamhusu, basi aseme ni nchi gani anayotaka kwenda kufanyia kazi.

Mfano wa hapa hapa kwetu

Tuchukue mkoa wetu wa Katavi, uliozaliwa mwaka 2012 kutoka Rukwa. Mtoto wa Litapunga anakua akijua kuna reli Mpanda. Lakini kwa nini reli ile ya kutoka Kaliua ilifika hapa? Haikuletwa ili kumsafirisha bibi yake kwenda hospitali Tabora. Wakoloni waliijenga mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi ya Mukwamba. Mgodi ulikwishafungwa, reli ikabaki. Huo ni uchumi wa kikoloni mtupu, uko mlangoni kwako, na mhandisi asiyeuelewa anaweza kujenga mradi mwingine wa namna hiyo hiyo, wa kutoa mali na kuondoka.

Tazama pia Katumba, jirani zetu. Wapo pale watu ambao wazee wao walikimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, na maelfu kati yao wamekwishapewa uraia wa Tanzania. Mwanasheria, daktari au mwalimu anayepangiwa kazi katika Halmashauri ya Nsimbo bila kujua historia hiyo atawaelewaje watu anaowahudumia?

Au chukua hili linalotuuma zaidi. Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015/16 ulionesha kuwa Katavi ndiyo iliyoongoza nchini kwa mimba za utotoni. Asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa ama wamekwishazaa au ni wajawazito. Muuguzi aliyesoma dawa peke yake atampima binti huyo na kumwandikia kadi. Muuguzi aliyefundishwa pia habari za umaskini, mila na umbali wa shule atauliza: binti huyu alitembea kilomita ngapi kwenda shule, na njiani alikutana na nani?

Leo mkoani kwetu, huko Mpimbwe, ipo Kampasi ya Mizengo Pinda ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambako vijana wanasomea mpaka shahada ya ufugaji nyuki. Mtu anaweza kudhani nyuki ni mzinga na asali tu. Lakini nyuki anahitaji miombo. Miombo inagombewa na mkulima wa tumbaku, mfugaji, mchoma mkaa na hifadhi. Mtaalamu asiyejua kuzungumza na makundi hayo manne ataishia kuandika ripoti nzuri, na msitu utakwisha.

Uislamu unasemaje kuhusu elimu ya namna hii?

Sisi Waislamu tusingepaswa kulishangaa jambo hili. Maulamaa wetu tangu zamani wameigawa elimu katika faradhi ya lazima kwa kila mtu, yaani fardhi ayni, na faradhi ya kutoshelezana, yaani fardhi kifaya. Ya kwanza ni ile ambayo hakuna anayeweza kumsomea mwenzake. Ya pili wakijitokeza wa kutosha kuifanya, wengine husamehewa. Wakikosekana kabisa, jamii nzima inapata dhambi.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliyataja matibabu na hesabu kuwa ni katika fardhi kifaya. Akawalaumu watu wa zama zake waliosongamana katika fani moja ya fiqhi, hali ya kuwa miji mingine haikuwa na tabibu Mwislamu. Tazama upana wa fikra hiyo! Mwanachuoni wa dini analalamikia upungufu wa madaktari, kwa sababu ameitazama jamii nzima, hakuishia kwenye fani yake.

Al-Azhar nayo, kwa sheria ya mwaka 1961, ilifungua milango kwa fani kama udaktari na uhandisi, huku wanafunzi wa fani hizo wakiendelea kupata masomo ya dini. Maana yake ni kwamba lipo jambo ambalo daktari, mhandisi na kadhi wote wanapaswa kulijua kwa pamoja kabla ya kila mmoja kushika njia yake.

Tujibu hoja za wanaolalamika

Hoja ya kwanza: kozi hizi zinakula muda. Tupige hesabu. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kusoma, na mwaka mmoja wa masomo una krediti 120. Shahada ya uhandisi ya miaka minne ni krediti 480. Tuseme kozi za pamoja ni mbili, kila moja krediti 10. Hizo ni 20 kati ya 480, yaani sehemu moja kati ya 24. Je, kuijua nchi yako na kujua kuandika barua ya hoja hakustahili sehemu moja kati ya 24?

Hoja ya pili: zinafundishwa vibaya. Hapa sina ubishi. Huwezi kuwajaza mamia ya wanafunzi ukumbini, ukawasomea maandishi yale yale ya miaka kumi iliyopita, kisha ukawalaumu kwa kukariri. Kozi inayokusudia kumfundisha mtu kufikiri haiwezi kupimwa kwa mtihani wa kuchagua A, B, C au D peke yake. Vyuo vina wajibu wa kuongeza semina za vikundi vidogo na kumtaka mwanafunzi aandike kuhusu wilaya yake mwenyewe. Kijana wa Nsimbo akiandika kurasa tano kuhusu maji ya kijiji chake atakuwa amejifunza zaidi kuliko akikariri fasili saba za maendeleo.

Hoja ya tatu: humo kuna mawazo yasiyolingana na imani yetu. Inawezekana. Lakini dawa yake si kutoroka darasani. Dawa ni kusoma, kuelewa hoja ya mwenzako vizuri kuliko anavyoielewa yeye, kisha kumjibu kwa ushahidi na adabu. Anayekimbia darasa hamjibu mtu. Anapata sapu tu, kama nilivyopata mimi.

Nini kifanyike?

Kwa wanafunzi: hudhurieni kuanzia wiki ya kwanza. Katika vyuo vingi alama za kozi hizi huingia kwenye GPA kama za kozi nyingine, na ukifeli mpaka ukaondolewa chuo, mkopo wa Bodi utakudai vile vile. Fanyeni duru za kujisomea hata baada ya swala ya Isha, kila mmoja aeleze mada moja.

Kwa wazazi: msiwaulize watoto "unasoma nini" kisha mkaishia hapo. Waulizeni wanachojifunza kinahusianaje na shamba, kisima na zahanati ya kijijini. Mtoto akishindwa kujibu, mmempa kazi ya kufanya.

Kwa sisi walimu wa sekondari na madrasa: tuanze mapema. Tukiwaambia watoto kuwa nje ya kombi hakuna elimu, tutawapeleka chuoni wakiwa wamekwishafunga milango.

Yule kijana wa umeme nilimweleza haya kwa ufupi, maana salio lilikuwa dogo. Nikampa swali moja tu: "Nguzo za umeme zikifika kijijini na nyumba nyingi zikabaki gizani, hilo ni tatizo la waya?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hapana Ustaadh, hilo ni la mfuko." Nikamwambia, "Basi nenda darasani."

Wabillahi tawfiq.